Tiba moja, majibu mawili: utafiti wa afya ya watoto ufanyikie wapi?

Mwaka 2015 watafiti wa icddr,b, kituo cha utafiti wa afya mjini Dhaka, Bangladesh, walichapisha matokeo yaliyowapa wengi moyo. Mtoto mwenye nimonia kali anavutishwa oksijeni kwa mrija wa puani, na ncha nyingine ya mfumo huo inazamishwa kwenye chupa ya plastiki yenye maji. Akitoa pumzi, maji yanatoa mapovu, na shinikizo linalobaki linazuia mapafu yasisinyae. Kati ya watoto waliotibiwa hivyo, asilimia 4 walikufa. Kwa waliopewa oksijeni ya kawaida ya kasi ndogo, ilikuwa asilimia 15. Kwa hospitali isiyo na mashine za bei mbaya, hii ilikuwa habari kubwa.

Mwaka 2019 yakaja majibu ya Malawi. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, tiba ya mapovu ilijaribiwa kwa watoto 644 wenye nimonia kali iliyoambatana na tatizo jingine: VVU, utapiamlo mkali au upungufu wa oksijeni katika damu. Waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa asilimia 11, na waliowekwa kwenye mapovu asilimia 17. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Wagonjwa wa pande hizi mbili hawakufanana kwa kila kitu, wala vifaa havikuwa vile vile, kwa hiyo hatuwezi kulaumu sababu moja. Lakini tofauti mojawapo inajitokeza wazi. Dhaka madaktari walikuwa karibu na wodi, wakimfuatilia mtoto kwa karibu. Salima hakukuwa na daktari wa kupita wodini kila siku, na hilo lilikusudiwa, kwa sababu watafiti walitaka kujua tiba itafanyaje mahali ambapo watoto wengi ndipo wanapotibiwa.

Hapo ndipo wanaoutetea utafiti wa aina hii na wanaoukosoa wanapopishana. Watetezi wana hoja nzito. Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 4.9 walikufa duniani kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi kwa magonjwa yanayotibika, na dawa nyepesi zilizowaokoa wenzao zilitokana na utafiti uliofanyika katika mazingira magumu. Maji ya chumvi na sukari ya kunywa kwa mgonjwa wa kuhara yalithibitishwa Dhaka mwaka 1968. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliyatumia katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, ambako drip zilikuwa hazitoshi. Vifo vilishuka kutoka asilimia 30 hivi hadi chini ya 4, na ndugu wa wagonjwa wenyewe ndio waliokuwa wakiwanywesha.

Tena, bila majaribio tungeendelea kuua kwa nia njema. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, liliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu kutofika vizuri mwilini. Kwa miaka mingi mafunzo yalikuwa: mpe drip haraka, maji mengi. Katika saa 48 za mwanzo walikufa asilimia 10.5 hivi ya waliopewa hivyo, na asilimia 7.3 tu ya wasiopewa. Desturi iliyochukuliwa kutoka hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi ilikuwa inadhuru.

Wakosoaji hawakanushi hayo. Wanauliza utafiti unaacha nini nyuma. Katika FEAST hata kundi lisilopewa maji mengi lilikufa kidogo kuliko ilivyokadiriwa, na nadhani sababu si ngumu kuiona: wauguzi walikuwa wamefundishwa upya, oksijeni ilikuwepo, kila mtoto alikuwa anaangaliwa. Mradi ukiisha, vingi kati ya hivyo huondoka nao. Kuna na suala la ridhaa. Mzazi aliyemleta mtoto akiwa hoi aliombwa kukubali kwa mdomo kwanza, maandishi yakafuata baada ya hali kutulia. Kimaadili lilikuwa na utetezi wake, maana kusubiri karatasi kungemgharimu mtoto. Lakini mama aliyebeba mtoto anayekata roho ana nafasi gani ya kukataa? Sijaona jibu linaloniridhisha.

Mimi ninaegemea upande wa utafiti, ila kwa sharti ambalo wafadhili hawalipendi. Jaribio la kwanza, la kuonyesha kwamba jambo linawezekana, hupata pesa kwa urahisi, na likifanikiwa linapata na sifa. La pili, la kurudia tiba ile ile katika hospitali ya wilaya kwa wafanyakazi waliopo, linaonekana kama kurudia kazi iliyokwisha. Salima limeonyesha kwamba ndilo lenye majibu. Mwongozo wa tiba ya mtoto mgonjwa mahututi usingojee tu jarida maarufu. Ungoje na jaribio hilo la pili.

Na ripoti zenyewe ziandikwe tofauti. Kipimo cha dawa na umri wa watoto huwa vimo. Msomaji anayetaka kuipeleka tiba hiyo wodini kwake anahitaji pia kujua muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alikuwa na watoto wangapi, umeme ulikatika mara ngapi kwa wiki, na mtungi wa oksijeni ulipoisha ulichukua muda gani kubadilishwa.