Samaki wa tangini na mzamiaji wa pwani

Wafugaji wa samaki wa mapambo wa baharini huko Ulaya na Marekani wana kauli wanayoirudia kama kiapo: kila samaki anayezaliwa kwenye tangi la nyumbani ni samaki mmoja aliyeachwa mwambani. Ina ukweli wake. Ila wengi wanaoirudia hawajawahi kumsikiliza anayeishi kando ya huo mwamba.

Kwanza tuwape haki yao. Pterapogon kauderni, samaki mdogo wa rangi ya fedha na mistari myeusi, asili yake ni visiwa vya Banggai, Indonesia. Biashara ilimvamia katikati ya miaka ya 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kuwa samaki 600,000 hadi 700,000 walivuliwa kila mwaka. Mwaka 2007 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, ikamtaja kuwa yumo hatarini kutoweka. Huyu kweli ni wa kuzalishwa nyumbani. Dume huatamia mayai mdomoni, kisha huwaweka vifaranga humohumo, karibu mwezi mzima bila chakula. Akiwatema, tayari wana uwezo wa kula atemia, vijidudu vya jamii ya kamba, waliototolewa siku hiyohiyo. Na kwa kuwa vifaranga hawa hawapiti kipindi cha kuelea na maji, mwamba ukishamalizwa mkondo hauletei wengine. Kwa samaki huyu sina ubishi na mtu: anunuliwe wa tangini.

Amphiprion pia, wale ambao watoto huwaita Nemo. Hutaga juu ya jiwe au kigae, mayai huanguliwa usiku baada ya wiki moja hivi, na vifaranga huhitaji rotifa walio hai, vijidudu vidogo mno vya majini, ambao nao hulishwa mwani. Mfugaji hufuga viumbe watatu ili apate mmoja. Anayeiweza kazi hiyo kwenye chumba kimoja cha nyumba anastahili heshima.

Lakini orodha ya wanaokubali kulelewa hivyo ni fupi. Kangaja wa njano wa Hawaii humwaga mayai yakaelea baharini, na kifaranga chake ni kidogo mno kuanza maisha kwa chakula cha kawaida cha vifaranga. Alifanikiwa kulelewa hadi kukua mwaka 2015, na waliofanikiwa walikuwa watafiti wa Oceanic Institute, Hawaii. Hiyo si kazi ya sebuleni. Kwa hiyo tukisema biashara nzima ihamie tangini, kwa spishi nyingi tunasema biashara ife.

Ikifa, nani anaumia? Hapa kuna takwimu isiyonitoka kichwani. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba mwaka 2000 kilo moja ya samaki wa mapambo kutoka Maldivi ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, na kilo moja ya samaki wa kitoweo wa miambani dola 6. Najua dola 500 haziingii mfukoni mwa mzamiaji. Ni thamani ya biashara, na kati ya mzamiaji na ndege kuna mnunuzi, mwenye matangi na msafirishaji. Mkate wake ni mdogo. Hata hivyo piga hesabu kwa upande wa bahari: kufikia thamani ileile kwa kitoweo, mwamba utoe zaidi ya kilo 80. Na samaki wa mapambo hawana thamani wakiwa wamekufa, wala hawapatikani pale matumbawe yalipovunjwa. Mtu huyo ana sababu ya kuchukia baruti na juya la kukokota kuliko afisa yeyote wa uvuvi.

Pwani ya Kenya wazamiaji hawa wapo, na wamekuwepo kwa miongo kadhaa, wakifuata samaki mmoja mmoja kwa wavu wa mkono. Ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite na Watamu hawaruhusiwi kuvua. Kuwaweka kapu moja na waliomwaga sumu ya sayanaidi kwenye miamba ya Ufilipino tangu miaka ya 1960 ni dhuluma. Soko lao likifungwa hawatahamia ofisini. Watabaki baharini, na wengine watashika nyavu zinazokomba kila kitu.

Kosa lao lipo, tusilifunike. Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, huuzwa kutoka huku ingawa tangini mara nyingi hufa njaa. Kule kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliwaondoa kwenye baadhi ya miamba kwa zaidi ya miaka minane, na miamba hiyo ikapungukiwa na samaki wengine. Huyo aachwe mwambani hata kama tangini hana mbadala.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kiapo hawaligusi. Jozi moja ya Amphiprion iliyozoea tangi huweza kutaga kila baada ya wiki mbili au zaidi kidogo, kwa miaka. Jozi ya kwanza ilitoka bahari ya mtu, ikalipiwa mara moja, na faida yote iliyofuata ikabaki Florida au Ujerumani. Mfugaji anayejisifu kwa kuwanusuru samaki wetu hajasema kijiji kilichowatoa kinapata nini. Mimi ningependa kuona matangi ya kuzalishia yakijengwa Kwale na Kilifi, yakiendeshwa na haohao wazamiaji, wanaojua kila spishi inapojificha na msimu inapotaga.

Hadi hapo, mnunuzi wa Berlin anayetaka samaki asiyezalishika nyumbani amwulize muuzaji maswali mawili: ametoka nchi gani, na amevuliwa kwa zana gani. Akijibiwa Kenya, kwa wavu wa mkono, anunue bila kuona haya.