Chibite kwa pauni tatu

Nilikuwa natoka zamu ya usiku, naua muda basi lije, nikaingia kwenye duka la mitumba hapa Bristol: vitabu, vikombe, makoti ya marehemu. Kwenye boksi la sidii lililoandikwa "muziki wa dunia" (hebu niambieni ni muziki gani usio wa dunia) nikakutana uso kwa uso na Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo wa kwetu Dodoma, Tanzania. Albamu yake Chibite, ya mwaka 1996. Pauni tatu. Nilisimama pale kama mtu aliyemkuta mjomba wake stendi ya ugenini.

Chibite kwa Kigogo ni "twende". Muuzaji, mama mtu mzima mpole, akaniambia nimechagua vizuri, muziki huo unatuliza sana, yeye huuweka akioga. Nikashukuru, nikalipa. Ndani ya basi ndipo maneno yake yalipoanza kunikera. Kwenye sidii hiyo kuna wimbo unaitwa "Sisitizo la Amani Duniani". Mzee wa watu katoka kijijini Doduma huko na zeze lake, kasisitiza amani ya dunia nzima, sisitizo likafika Uingereza likawa la kuogea.

Ila nisiwe mchoyo wa shukrani. Sidii hiyo ilitolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ambayo studio zake ziko kijiji cha Box, kati ya Bath na Chippenham. Si mbali na ninapolala. Watu wa huku walimwita, wakamrekodi vizuri, wakampandisha majukwaa makubwa, na leo, zaidi ya miaka 20 tangu azikwe, sauti yake inasikika safi kama jana. Mwaka 2024 Real World hao hao wakatoa Maisha, albamu ya The Zawose Queens, akina Pendo na Leah, wa ukoo huo huo. Zamani wanawake wa familia ile walikuwa nyuma wanaitikia na kupiga ngoma. Sasa wamesogea mbele, wanaimba wao. Niliposikia habari hiyo nilifurahi, halafu nikaona aibu, kwa sababu niliipata kwenye redio ya Waingereza. Kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa hapa mjini lina watu mia na kitu. Hakuna aliyeitaja.

Basi nilipofika nyumbani nikaiweka. Binti yangu, ana miaka tisa, akaja kutoka chumbani: "Baba, spika imekufa." Nikacheka mpaka nikakaa. Alichosikia ni mkwaruzo wa ilimba. Kwa wasioijua: ni kisanduku cha mbao, juu yake vimepangwa vyuma vilivyopondwa, unavibofya kwa vidole gumba. Kwenye ubao kuna tundu dogo linalozibwa kwa utando wa buibui, na ule utando ndio unaotetemeka na kuifanya sauti ivume kama nyuki. Si hitilafu, ni kazi ya fundi. Nikamwambia mwanangu, huyo ni buibui. Hakuniamini, lakini alikaa akasikiliza wimbo wote akimtafuta.

Ninachotaka kusema ni hiki. Nyimbo zetu za kutia moyo zinahitaji mtu wa kuitikia. Mmoja anatoa, wengine wanapokea, na Wagogo hawapokei kwa sauti moja, wanazipanga sauti juu na chini mpaka unadhani kuna kinanda mahali. Kwetu Dodoma mvua ni ya kubahatisha. Wazee waliishika njaa ya Mtunya, ile iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, kama watu wengine wanavyoshika tarehe ya harusi. Ukiimba njaa mbele ya watu kama hao na wao wakakuitikia, tayari umejua hutalala njaa peke yako. Tumaini la wimbo liko hapo kwenye kuitikiwa. Ukilikata ukabaki na mwimbaji mmoja mzuri na wasikilizaji walionyamaza, umebaki na sauti tamu tu.

Huku wasikilizaji wananyamaza. Ni heshima, najua. Nimewahi kwenda kwenye onyesho la kikundi cha Afrika, watu mia tatu wamekaa kwenye viti, wanatikisa vichwa, mwisho makofi marefu, wakatoka taratibu kila mtu na gari lake. Nilitamani kuitikia, nikaitikia kidogo, dada wa mbele akageuka akanitazama. Nikafunga mdomo. Miaka kumi na moja huku imenifundisha kufunga mdomo.

Sasa msidhani nyumbani tuko salama. Mimi mwenyewe, nilipopelekwa shule ya bweni Dar es Salaam, niliitwa omba-omba kwa sababu tu ya lafudhi. Mwalimu mmoja alicheka pamoja na darasa. Nikakificha Kigogo changu kama mtu anavyoficha kiraka, na nyimbo zikaenda nacho. Ngoma yenyewe tumeipa kazi ya kupokea wageni. Tangu Serikali ihamie Dodoma, kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, hawakosi mwaliko: wanapangwa juani tangu saa mbili asubuhi, mgeni rasmi anafika saa saba, anapita anapunga mkono, MC anakata wimbo katikati, wanarudi kwao na soda. Sisemi wasiende, hela ni hela. Wala sisemi zamani ngoma haikuwa na siasa. Mzee Zawose alimwimba Mwalimu Nyerere, tena kwa mapenzi, na Mwalimu ndiye aliyemwita Dar miaka ya 1960. Lakini alipewa nafasi ya kuumaliza wimbo. Baadaye, Bagamoyo, akawa miongoni mwa wasanii wa Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na vijana wakajifunza kwake wakimtazama vidole.

Kuna tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino, huko Dodoma, vikundi vinatoka vijijini vinaimbiana vyenyewe kwa vyenyewe. Hilo nalipenda. Kuna sherehe zetu za Desemba 9 huku ughaibuni, ambako mwaka jana DJ alipiga amapiano saa tano mfululizo, na nilipomuomba wimbo mmoja wa kwetu aliniuliza kama niko kwenye msiba. Hizo siendi tena. Nitakaribisha watu kwangu, tutapika ugali wa uwele kama nikiupata huo unga, na jirani akilalamika kelele nitampelekea mlenda.

Usiku ule nilirekodi dakika moja ya wimbo nikaituma kwenye kundi la ukoo. Wapwa zangu wakaweka vikatuni vya kucheka. Mmoja akauliza, "Babu gani huyo?" Kimya. Asubuhi nikakuta sauti ya mjomba kutoka Bahi. Anaanza na salamu yetu, "Mbukwenyi," anasubiri kama vile tutamjibu hapo hapo, kisha anaitikia, kipande chake hasa, cha chini, alichokuwa akikiitikia nilipokuwa mtoto. Nyuma yake wanawake wanacheka, mmoja anadakia juu, mbuzi analia, sufuria inaanguka. Binti yangu aliisikiliza mara nne mfululizo, ya tano akajaribu na yeye.

Mwishoni mjomba anakohoa, anauliza kama huku kwetu mvua imenyesha. Nikamjibu kuwa haijakatika tangu Jumatatu.