Kujaribu hedifoni dukani: inasaidia wapi, inadanganya wapi

Kwenye maduka ya vifaa vya simu kati ya Stendi Kubwa na Soko Kuu la Arusha kuna wauzaji wa aina mbili. Mmoja anachomoa hedifoni kabla hamjamaliza kusalimiana, anafungulia singeli na kukuvisha mwenyewe: "Sikia besi hiyo, kaka!" Mwingine kaacha kila kitu ndani ya boksi na sili yake, na ukinyoosha mkono tu anakuuliza, "Unanunua au unaangalia?" Wateja wengi humwona huyu wa pili ana roho mbaya. Mimi hapana.

Hesabu yake inaeleweka. Boksi likishafunguliwa, mteja anayefuata atataka apunguziwe au atolewe jingine. Zile ndogo za kuingia ndani ya sikio zina suala la usafi juu yake. Nta ya masikio ya mtu usiyemjua si kitu cha kuchangia. Halafu kuna wale wanaojaribu nusu saa nzima, wanapiga picha jina la modeli, kisha wanaagiza Kariakoo kwa bei pungufu. Kodi ya fremu nani analipa?

Tatizo ni kwamba muuzaji huyohuyo kabandika ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Hapo ndipo ninapomgeuka. Kama harudishi, aache watu wajaribu. Kama hataki wajaribu, apokee kinachorudi. Kukataa vyote viwili ni kumwambia mteja anunue gizani.

Tukubaliane basi kwamba kujaribu ni haki. Je, kunakuambia nini? Hapa ndipo watu huingizwa mjini, na wala si lazima muuzaji awe tapeli. Ukisikiliza hedifoni mbili mfululizo, ile inayolia juu zaidi, hata kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1 au 2 tu, utaiona ndiyo safi. Na hedifoni hazilingani nguvu: simu ni ileile, sauti umeiweka palepale, lakini moja inalia juu na nyingine chini. Unalinganisha kelele ukidhani unalinganisha ubora. Kuna jingine, ambalo Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walilionyesha tangu 1933: sauti ikipunguzwa, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Sasa pale dukani bodaboda zinapiga honi, jirani kaweka spika mlangoni, wewe unafungulia hadi mwisho na besi inajaa. Usiku uko nyumbani, mtaani Sakina, unasikiliza chinichini mtoto asiamke, besi huioni. Hakuna aliyekubadilishia mzigo.

Kwa zile ndogo, kosa laweza kwenda upande wa pili. Nyingi huja na vipira vya silikoni vya saizi tatu, lakini dukani unapewa kile kilichokwisha kuvishwa. Kikiwa hakizibi tundu la sikio lako sawasawa, besi inavuja, na kifaa cha laki na nusu kinalia kama cha elfu tano. Unakataa kitu kizuri kwa sababu ya kipira.

Kwa hiyo muziki, ambao ndio kila mtu anaukimbilia, ndio ushahidi dhaifu kuliko wote pale dukani. Yenye nguvu ni mengine. Zivae huku mkiendelea kuvutana bei, uone kama zinabana kichwa au zinakandamiza miwani. Piga simu kwa mtu wako, kwa sababu ubora wa maiki wewe huusikii, anausikia yeye. Na kama unalipia teknolojia ya kuzuia kelele ili upumzike kwenye Coaster ya Moshi, zile kilomita 80 hivi, omba ujaribu mlangoni karibu na gari linalounguruma. Teknolojia hiyo hupunguza vizuri mngurumo mzito usiobadilika. Maneno ya watu huyapunguza kwa shida. Konda na mhubiri wa ndani ya basi utaendelea kuwasikia.

Chaji inadumu saa ngapi, waya utakatika lini pale kwenye pini, hayo hayajaribiki mbele ya kaunta. Ndiyo maana nikiambiwa nichague kati ya duka linaloniachia nisikilize nitakavyo na lile linaloniandikia kwenye risiti wiki mbili za kubadilishiwa, nakwenda la pili. Lakini sioni kwa nini duka lisifanye yote: hedifoni moja ya kila modeli iwe ya kujaribia na baadaye iuzwe kwa bei ya chini, na kwa zile ndogo kuwe na vipira vya akiba na pamba ya spiriti.

Ukifika hapo, weka wimbo wako unaoujua, si wa muuzaji. Na kabla ya kusema ipi nzuri, punguza kwanza ile inayolia juu.