Chunusi sio uchafu jamani

Nimeishi na chunusi toka darasa la saba mpaka namaliza chuo, na kilichoniuma kuliko hata zile chunusi zenyewe ni maneno ya watu, mara we huogi uso, mara punguza karanga, mara ukiolewa zitaisha. Nilikuwa nanawa mara tano kwa siku na sabuni ya kipande mpaka ngozi inabanduka, alafu dada yangu tunayelala chumba kimoja yeye maji matupu asubuhi basi, uso laini kama wa mtoto. Sasa hapo uchafu uko wapi?

Mwaka 2002 kulitoka utafiti wa mapacha wa kike Uingereza, wakawalinganisha pacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana, wakakuta asilimia 81 ya tofauti za chunusi kati ya mtu na mtu ni ya kurithi. 81! Na mama yangu ana mashimo mashavuni mpaka leo, yani jibu tulikuwa nalo nyumbani siku zote.

Kuna wanaorithi tezi za mafuta zinazochachamaa homoni za balehe zikianza, kuna wanaorithi kinga kali, na hii ya kinga ndo watu wengi hawaijui. Yule bakteria wa chunusi, Cutibacterium acnes, yupo kwenye ngozi ya karibu kila mtu, hata huyo dada yangu anaye. Ila kuna miili inamzoea na kuna miili ikimgundua kwenye kitundu kilichoziba inamwaga seli nyeupe za damu hapo, ndo unapata uvimbe, maumivu na usaha, na usaha wenyewe kwa sehemu kubwa ni hizo seli zilizokufa. Kwa ngozi zetu nyeusi ikipona inaacha doa linalokaa miezi.

Doa hilo ndo linatupeleka kwenye mkorogo na tyubu za steroidi, yani krimu za dawa ya kutuliza uvimbe. Mi nilipaka, wiki za mwanzo uso uling'aa kwa sababu steroidi inaituliza kinga ya ngozi, nilipoacha chunusi zikarudi nyingi kuliko mwanzo, na nikaja kuambiwa hiyo dawa yenyewe inaweza kuleta chunusi. Inaniuma sana kuona bado inauzwa kama pipi.

Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 13, zimeanza kumtoka kwenye paji la uso. Juzi nimesikia shangazi anamwambia aoge vizuri, nikamwomba kwa heshima asimwambie hivyo tena, na Jumamosi nampeleka kwa daktari wa ngozi kabla hazijamwachia mashimo kama ya mama.