Ufunguo Usiufungie Ndani ya Nyumba

Mtu akiniuliza kama inafaa kuweka GitLab au Gitea (programu za kutunza msimbo wa timu) yake mwenyewe juu ya Kubernetes (mfumo unaoendesha programu kwenye kundi la kompyuta, yaani klasta), nami humuuliza: klasta ikianguka yote usiku wa leo, faili za kuijenga upya utazitoa wapi?

Mara nyingi jibu ni kwamba faili hizo za YAML, yaani maelekezo ya klasta yaliyoandikwa, zimo ndani ya GitLab hiyo hiyo. Picha za kontena, yaani vifurushi vya programu vilivyo tayari kuendeshwa, nazo zimo kwenye rejista yake, ghala la picha hizo. Mimi na wenzangu tuliwahi kunaswa hapo. Nodi, yaani kompyuta za klasta, zilikufa, tukaweka mpya, na nodi mpya haina picha hata moja. Ikaenda kuomba kwenye rejista, na rejista ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosubiri kuwashwa. Kilichotuokoa ni tabia ya Git yenyewe, zana ya kutunza matoleo ya msimbo: kila aliyenakili hazina (folda ya mradi) anabeba historia yake yote, na mwenzetu mmoja alikuwa nayo kwenye kompyuta yake. Siku hiyo niliona jinsi tulivyokaribia kupoteza kazi ya watu, na sijaacha kulisemea jambo hili tangu hapo.

La pili huwaumiza hata waangalifu. Zana ya GitLab ya kutengeneza nakala rudufu ndani ya klasta huchukua hifadhidata na hazina, lakini haichukui siri za Kubernetes, yaani nywila na funguo zilizowekwa humo. Humo ndimo ulimo ufunguo uitwao db_key_base. Ukiupoteza, msimbo utarudi, ila vigeu vilivyofichwa vya CI (mfumo wa kujenga na kujaribu msimbo kiotomatiki) na tokeni za ranna, programu zinazofanya kazi hizo, havitafunguka tena. Siri hizo zihifadhiwe kando, mbali na klasta.

Kuhusu diski, msimamo wangu ni mkali kidogo. Sehemu za wavuti na kazi za nyuma ziendeshwe kwenye podi (vyumba vya klasta vinavyobeba kontena) bila hofu. Zikifa, zinazaliwa nyingine. Lakini Gitaly, inayoshika hazina zenyewe, pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL, ningeziacha kwenye mashine za kawaida. Hifadhidata inayokuja na chati ya Helm (kifurushi cha kusakinisha GitLab kwenye Kubernetes) ni ya majaribio, na watengenezaji wenyewe wanasema hivyo. Tena, diski inayotengenezwa na klasta kwa mpango wa kawaida hufutwa pale dai lake, yaani ombi la programu la kupewa diski, linapofutwa. Amri moja ya haraka, na kazi ya miaka imekwenda. Badilisheni sera hiyo ya kufuta iwe Retain, yaani diski ibaki, kabla ya kuingiza msimbo wowote.

Timu ya watu kumi haina haja ya uzito wote huu. Gitea, iliyochipuka kutoka Gogs mwaka 2016, ni programu moja iliyoandikwa kwa Go. Podi moja na diski moja vinaitosha. Kumbukeni tu kufungua njia ya SSH (muunganisho salama ambao Git huweza kuutumia), maana Ingress ya kawaida, lango la kuingilia klasta, hupitisha HTTP peke yake.

Sisi sasa hazina yenye faili za klasta ina kioo chake kwenye seva iliyo nje kabisa. Kila badiliko likiingia, linasukumwa huko papo hapo, pamoja na picha chache ambazo bila hizo hakuna kinachowaka.