Lenzi ya 50 au ya 35: chumba cha Bagamoyo kinataka ipi?

Mtu akishaichoka lenzi inayovuta ya milimita 18 hadi 55 (18-55) iliyokuja na kamera yake ya kwanza, karibu kila mwenye uzoefu humpa ushauri uleule: anza na lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingizia mwanga ni kubwa), kwa kuwa ni nyepesi, bei yake inafikika na picha zake ni safi. Ushauri huo una ukweli mwingi. Hata hivyo, kwa sisi tunaofanyia kazi Bagamoyo, hasa wanawake tunaoitwa kupiga picha za bibi harusi ndani, ushauri huo haujakiangalia chumba.

Nguvu ya lenzi hiyo ya 50 iko kwenye mwanga. Lenzi ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, ilhali f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara 10 ya huo. Kwa hiyo picha ya uso iliyohitaji ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 6400, ikatoka na chengachenga kwenye mashavu, inaweza kupigwa kwa ISO 640 hivi kwa kasi ileile. Bei nayo ina uzito. Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 125, wakati Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009 ilianza kwa takriban dola 200, na tofauti hiyo si ndogo kwa anayeanza biashara.

Ugumu unatokana na sensa, kile kibati ndani ya kamera kinachopokea picha. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, kwa hiyo hukata pembezoni mwa kile ambacho lenzi inakiona. Lenzi ya 50 huona eneo finyu kama la lenzi ya 75 kwenye Nikon za aina hiyo, na kama la ya 80 kwenye Canon. Ili kumpata mtu mzima aliyesimama, kuanzia utosi hadi nyayo, kamera ikiwa wima, lazima usimame mita 4 au zaidi kutoka kwake. Kwa lenzi ya 35 kwenye Nikon, mita 3 zinatosha.

Sasa tazama nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Dari zake, kama za miji mingine ya mwambao, zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti, ambao kwa kawaida hauvuki mita 3. Chumba huwa chembamba na kirefu, lakini ule urefu umeshachukuliwa na kitanda, kabati na akina mama waliokaa mkekani. Nimewahi kusimama humo na lenzi ya 50, mgongo ukigusa mlango, na katika kioo cha kamera nyayo za bibi harusi zilikatwa kwenye vifundo pamoja na hina iliyochorwa kwa saa nyingi. Mama yake akaniambia, "Mwanangu, hiyo hina nayo ionekane." Nikafungua mlango nikarudi nyuma, na fremu ya mlango ikaingia kwenye picha kulia na kushoto. Kwa chumba kile, lenzi ya 35 ingenitosha.

Hata hivyo 35 haina ushindi kamili. Ukitaka uso uijaze fremu, lazima usogee karibu mno, na hapo pua hukua na masikio hurudi nyuma. Hakuna mteja anayeipenda sura yake hivyo. Lenzi ya 50 hukuacha mbali kidogo na kuitunza sura. Kwa umbali wa mita moja na nusu, tundu likiwa f/1.8, sehemu inayoonekana wazi bila ukungu ina kina cha sentimita 6 tu, kwa hiyo masanduku na nguo zilizotundikwa nyuma hufifia. Lakini akigeuza kichwa, jicho la pili nalo linaweza kufifia. Nje ya nyumba, iwe soko la samaki ufukweni au jukwaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, usiku, mimi huchukua 50 bila kusita.

Anayenunua iliyotumika aitazame kwanza kwa tochi ya simu, maana unyevu wa pwani huzaa fangasi ndani ya vioo, na mwenye Nikon za safu ya D3000 au D5000 ajue kuwa lenzi ya Nikon ya 50mm f/1.8D haitajilenga yenyewe kwenye kamera yake.

Kwa hiyo mwenye Nikon ya sensa ndogo, ambaye kazi yake kubwa iko vyumbani, ningemwambia alipe zaidi achukue 35. Kwa mwenye Canon nasita. Lenzi ya Canon ya EF-S 24mm f/2.8 STM inamtosha kumpata mtu aliyesimama kwa mita 2 tu, lakini tundu lake huingiza chini ya nusu ya mwanga wa f/1.8, na ukilinganisha na 18-55 ikivutwa hadi milimita 24, faida yake ni kama mara mbili tu. Mimi ningemnunulia 50 kwa ajili ya sura na hina iliyo mkononi, kisha picha ya kusimama aipige kwa 18-55, akiielekeza taa ya kamera kwenye ukuta uliopakwa chokaa.