Kabla ya kuitukana shule yetu, hesabuni watoto kwanza

Juzi usiku kwenye grupu la wasap la wazazi mtu katupia ile orodha ya shule za wilaya nzima, zimepangwa kwa wastani wa darasa la saba, na shule yetu iko huko chini kabisa. Hazijapita dakika mbili matusi yakaanza. Walimu wavivu, mwalimu mkuu ahamishwe, mmoja akaandika kabisa eti bora shule ifungwe. Nimelala na hasira nimeamka nazo, ndo maana naandika.

Hivi ile orodha imeandika wapi idadi ya watoto? Shule iliyoshika namba moja ni ya binafsi, inawapa watoto mtihani wa kuwachuja kabla ya kuwapokea, na darasa zima hawafiki arobaini. Yetu inapokea kila mtoto anayefika getini na ndivyo inavyotakiwa iwe, aliyetoka kijijini wiki iliyopita, anayelelewa na bibi, ambaye hajawahi kushika penseli, wote wanaingia. Halafu unawapanga kwenye mstari mmoja unasema huyu kashinda huyu kashindwa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hela, na hapa naomba mnisome vizuri. MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza 2002 ruzuku ya uendeshaji ilipangwa Sh10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, ambayo wakati ule ilikuwa kama dola 10. Leo ni Sh10,000 ile ile, miaka zaidi ya ishirini, na kwa dola haifiki hata 5. Na hiyo kumi yote haifiki shuleni, Sh4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayoingia akaunti ya shule ni Sh6,000. Igawe kwa miezi 12. Ni Sh500 kwa mtoto kwa mwezi! Hapa Dar hata nauli ya daladala ya mtu mzima haifiki. Kwa hiyo shule yenye watoto elfu moja mwalimu mkuu ana laki tano kwa mwezi, na humo atoe chaki, karatasi, mitihani, michezo, kitasa kilichovunjika na bomba la chooni.

Mwezi uliopita nilienda kumuona mwalimu mkuu wetu, nikamwamkia, nikakaa kwenye benchi nikisubiri amalize na walimu. Anawagawia chaki. Anahesabu moja moja, mwalimu anasaini kwenye kaunta buku, "Mwalimu, hizi zikufikishe Ijumaa." Nikapita na darasa la saba, mtihani wa kujipima umeandikwa ubaoni kwa sababu kudurufu ni gharama, watoto watatu watatu kwenye dawati na wale wa nyuma kabisa wamesimama ili waone. Mmoja alikuwa ananakili swali kutoka kwa mwenzake maana ubao ule umechakaa, pale katikati chaki haishiki. Akikosea swali lile tutasema hakusoma?

Na watoto wanaongezeka. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7, kwenye hao milioni karibu 17 walioongezeka watoto ni wengi na wanahitaji kukaa mahali. Elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa ya kwanza yalifurika nchi nzima na mimi niliiunga mkono na bado naiunga, hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Ila ukimwondolea mzazi mzigo lazima mtu mwingine aubebe, na sasa hivi naona anaubeba mwalimu. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja watoto 45, njooni mhesabu kwetu.

Sawa, madarasa yamejengwa, siwezi kukataa, zile hela za kupambana na korona (UVIKO) zilijenga 15,000 na mengine yamefuata. Na ndiyo, wapo walimu wanaoingia darasani saa nne, nawajua, wasemwe. Lakini ukuta haufundishi, na huyo mwalimu mmoja mtoro sio sababu ya wilaya nzima kuwa hivi.

Kitu kingine, ruzuku inatolewa sawa kwa kila kichwa. Mtoto mwenye taa na meza nyumbani Sh6,000, mtoto anayeamka saa kumi kuchota maji ndo aje shule, Sh6,000. Watu wanaona hiyo ni haki, mimi naona huyo wa pili anatakiwa apewe zaidi, shule zilizolemewa ziongezewe hela na walimu wa kwanza wapelekwe huko. Na kwa kuwa shule ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba kuwa sita, Januari 2028 darasa la sita na la saba wataingia sekondari kwa mpigo, tukiendelea na mahesabu ya 2002 sijui tutawaweka wapi.

NECTA wenyewe, Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023, sisi tunakaa usiku kuitengeneza orodha wenyewe.

Nimeirudisha ile orodha kwenye grupu, nimeongeza safu tatu pembeni, watoto, walimu, madawati, nikawaomba wenye watoto kwenye shule zingine wazijaze. Mpaka sasa imejazwa ya kwetu tu. Leo asubuhi mama mmoja, yule yule aliyesema mwalimu mkuu ahamishwe, kanitumia meseji pembeni anauliza boksi la chaki ni shilingi ngapi.